Edgbaston, Ushuani kwa Birmingham: Miti Hii Ina Mkataba Wake

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo? Karibuni tena kwenye chaneli yetu. Leo nipo Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa hapa Uingereza, na nimewaleta kwenye mtaa ambao watu wa huku wakiutaja tu, kila mtu anajua wanaongelea wenye nacho. Unaitwa Edgbaston. Kwa Dar ningewaambia ni Masaki na Oysterbay, na kwa ndugu zangu wa Nairobi ningesema Muthaiga. Ni ushuani hasa.

Ngoja niwageuzie kamera. Hii hapa ni Wellington Road. Angalieni juu kwanza: matawi ya upande huu yameenda kukutana na ya upande ule, barabara yote iko kivulini. Nyumba zimekaa ndani kabisa, mbali na njia. Hizi nyeupe za lipu zenye madirisha marefu ni za karne ya 19. Mbele kuna ukuta mfupi wa matofali unaoishia kiunoni, au michongoma iliyopunguzwa vizuri. Sioni waya wa umeme juu ya ukuta, sioni vipande vya chupa. Sikilizeni na ndege. Na kutoka hapa mpaka katikati ya jiji, stesheni ya New Street, ni kama nusu saa na ushee kwa mguu. Namba za nyumba na za magari sitawaonyesha, watu wanaishi humu.

Mimi mtaa huu nimeujua kwa kazi. Nilikuwa nahudumia wazee majumbani, na wateja wangu kadhaa walikuwa huku. Bibi mmoja niliyemzoea sana alikuwa na mti mkubwa uliokuwa unamzibia mwanga jikoni, mpaka mchana anawasha taa. Nikamwambia, mama, si tuite mtu akate? Akanitazama kama nimesema tukabomoe kanisa. Mti ni wake, kiwanja ni chake, nyumba ni yake, lakini kuukata mpaka aombe ruhusa. Aliandika barua, akajibiwa apunguze matawi, mti ubaki. Akalipa watu, wakapunguza. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kijani hiki kimetoka wapi, kwa sababu mvua inayonyesha Edgbaston ndiyo hiyo hiyo inayonyesha Birmingham nzima.

Jibu lake liko kwenye karatasi. Mwaka 1717 tajiri mmoja, Sir Richard Gough, alinunua eneo hili lote. Wakati huo lilikuwa mashamba na kijiji. Ukoo wake ndio baadaye ukaitwa Gough-Calthorpe, uliopewa cheo cha Lord Calthorpe, na mpaka leo ninavyoongea nanyi kampuni ya miliki yao, Calthorpe Estates, inasimamia kama ekari 1,600 hapa. Ekari 1,600 ndani ya jiji!

Sasa jirani yao, Birmingham, ulikuwa mji wa mafundi. Vifungo, misumari, nibu za kalamu, vyombo vya shaba, bunduki. Na bunduki za Birmingham zilifika Afrika kwa wingi sana enzi za biashara ya watumwa, hasa pwani ya magharibi, hilo tusiliruke. Wenye karakana wakatajirika, lakini moshi uliowatajirisha ukawa unawaingia vifuani wao na watoto wao. Wakataka pa kukimbilia pasipokuwa mbali na kazi.

Ukoo wa Calthorpe ukaiona nafasi hiyo. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19 wakaanza kugawa viwanja kwa mikataba ya kukodi ya miaka mingi, wengi wakipewa 99. Ardhi yenyewe wakati huo hawakuiuza. Na kila mkataba ulikuwa na masharti: hakuna kiwanda, hakuna karakana, huruhusiwi kugeuza nyumba kuwa duka, na nyumba yenyewe isiwe ya thamani ndogo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1791, Bunge lilipopitisha sheria ya kuchimba mfereji wa Worcester na Birmingham, ambao ungekatiza kwenye ardhi yao, walibana kwamba kandokando ya kipande chao pasijengwe maghala wala viwanda. Mfereji upo, nimeupita asubuhi. Ukitoka mjini unaona majengo ya zamani ya viwanda, ukiingia Edgbaston yanakatika na miti inaanza.

Watanzania wenzangu, miaka 99 mnaijua. Kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na wewe unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99, yenye masharti nyuma yake: matumizi ni makazi, jenga ndani ya muda fulani, na kadhalika. Sisi hati ile tunaitunza kabatini kwenye bahasha ya kaki, na masharti yake wengi hatujawahi kuyasoma hata mara moja. Hawa walisoma, na mwenye ardhi alifuatilia kila nyumba. Tofauti ya mitaa yetu na huu naiona hapo zaidi kuliko kwenye pesa, ingawa pesa ipo.

Kitu kingine ni upepo. Uingereza upepo mara nyingi unatoka kusini-magharibi, na Edgbaston iko kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Kwa hiyo upepo unafika hapa kwanza, ukiwa msafi, halafu ndiyo unaenda kubeba moshi wa viwanda na kuupeleka upande wa pili, kwa watu wa kipato cha chini. Na hao waliishi vipi? Pale Hurst Street na Inge Street, mjini, kuna nyumba chache zilizohifadhiwa kama makumbusho tangu mwaka 2004. Ni nyumba zilizojengwa zikiwa zimegeuziana migongo, ukuta wa nyuma mmoja kwa familia mbili, dirisha la nyuma hakuna. Choo na maji ni uani, vya watu wote. Maelfu kwa maelfu ya familia za Birmingham ziliishi hivyo, na matajiri wa Edgbaston ndio waliokuwa waajiri wao. Mtu anakuzalishia vifungo mchana kutwa, jioni wewe unapanda kigari chako kwenda kwenye upepo. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha kwa kuwa tu nyumba ni nzuri.

Na msiseme ni mambo ya Wazungu. Oysterbay yetu ilipimwa kwa mtindo huu huu, viwanja vikubwa na miti, kwa ajili ya maafisa wa kikoloni, wakati Mwafrika anapangiwa Kariakoo na Ilala.

Haya, tusogee. Mnaona ule mnara mwekundu unaochungulia? Ule ni mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Birmingham, una urefu wa karibu mita 100. Wenyewe wanauita Old Joe. Chuo kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1900, na Lord Calthorpe wa wakati huo ndiye aliyetoa kiwanja. Joe anayetajwa ni Joseph Chamberlain, Mkuu wa kwanza wa chuo, aliyetajirika kwa kutengeneza skrubu. Alikuwa Meya wa jiji hili kuanzia mwaka 1873 mpaka 1876, akaichukua gesi na maji kutoka kwa kampuni binafsi na kuvifanya mali ya mji. Kwa hilo wakazi wa hapa wanamheshimu. Mwanawe Neville, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alizaliwa Edgbaston mwaka 1869.

Lakini sisi tuna habari nyingine na mzee huyu. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1895 mpaka 1903. Mwisho wa mwaka 1902 alishuka Mombasa, akapanda treni ya Reli ya Uganda, akatazama nchi kupitia dirishani. Mwaka uliofuata serikali yake ikawapa viongozi wa Wayahudi pendekezo la kupewa makazi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, huko Kenya ya leo. Hakuna Mnandi wala Mmasai aliyeulizwa. Mpango ule ulikufa mwaka 1905 kwa sababu Wayahudi wenyewe waliukataa. Kwa hiyo mkipita chini ya mnara huu mjue umejengwa kwa heshima ya nani.

Na hatua chache tu kutoka mnarani, kwenye jengo la Muirhead Tower, kuna maktaba ya Cadbury ya utafiti. Humo ndimo yalimohifadhiwa makaratasi ya kale ya shirika la wamisionari la CMS. Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, Rebmann wa Rabai, makazi ya watumwa walioachwa huru pale Freretown, Mombasa: barua zao wenyewe, kwa mwandiko wao, ziko humu. Yeyote anaweza kuomba miadi akasome. Nawasihi vijana mnaosoma historia huku Uingereza, msirudi nyumbani hamjaingia humo. Kumbukumbu za babu zetu zimelala ushuani kwa watu.

Bustani ya mimea, Botanical Gardens, nitaipita haraka kwa sababu ina video yake. Ilifunguliwa mwaka 1832. Ukiingia kwenye nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto, lenzi ya simu inaziba ukungu papo hapo, lazima usubiri itulie. Ukungu ukiondoka unakutana na mgomba, na joto ni la Tanga kabisa. Nilisimama pale muda mrefu. Mtaa huu pia ndiko tenisi ya majani ilikoanzia kuchezwa, kwenye bustani ya nyumba moja ya Ampton Road, kama mwaka 1859 hivi. Majani mlangoni, nafasi unayo, muda unao, unabuni mchezo.

Uwanja wa kriketi nao ninaupenda kwa sababu moja. Wengi wanaujua kwa Brian Lara, aliyefunga mbio 501 hapa mwaka 1994 bila kutolewa. Mimi nakumbuka Juni 1975, Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Timu ya Afrika Mashariki, ya wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha Harilal Shah, ilicheza hapa hapa Edgbaston na New Zealand, kisha ikarudi kucheza na England. Zote walifungwa vibaya. John Nagenda wa Uganda, mwandishi, alikuwemo kwenye ile ya New Zealand. Miaka 47 baadaye, kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola hapa hapa Birmingham, Victor Kiplangat wa Uganda akachukua dhahabu, Simbu wetu fedha, Michael Githae wa Kenya shaba. Jukwaa zima letu!

Sasa mtu wa mwisho. John Nettlefold, wa ukoo ulioshirikiana na akina Chamberlain kwenye biashara ile ya skrubu, mkewe akiwa wa ukoo wa Chamberlain, alijijengea hapa nyumba ya Winterbourne mwaka 1903. Leo ni ya chuo na bustani yake unaweza kutembelea. Nettlefold alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makazi ya jiji, alizijua zile nyumba za kugeuziana migongo. Akasema familia ya mfanyakazi nayo inastahili bustani. Mwaka 1907 wakaanza mtaa wa Moor Pool, kule Harborne, kama nyumba 500, zisizozidi 10 kwa ekari, za watu wa kawaida kupanga, na bwawa, ukumbi na uwanja wa tenisi. Upo mpaka leo na bado una miti.

Ndugu zangu mnaonunua viwanja Goba, Bunju, Kibamba, huyu ndiye wa kumtazama. Kwetu mtu akipata kiwanja, kazi ya kwanza ni kuita watu wang'oe mwembe na mkorosho. Kisha ukuta, kisha anamwaga zege uwanja mzima. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanahamia kwa jirani, na mwaka unaofuata jirani naye anamwaga zege lake. Mwembe mmoja haukuzuii kujenga vyumba vinne. Kaeni watu kumi wa mtaa mmoja, mwandikiane kwamba kila kiwanja kibaki na miti miwili, serikali ya mtaa ishuhudie. Calthorpe naye alianza na karatasi.

Ukiwa mgeni Birmingham, treni kutoka New Street mpaka stesheni ya University ni dakika chache tu. Mimi sasa naelekea Moor Pool kwa mguu, nikamtafute mwenyeji anieleze kodi ya pale ikoje siku hizi. Nikimpata, mtamwona kwenye video ijayo.