Pingyao: Mji Uliookolewa na Ufukara

Mabibi na mabwana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja, hasa ninyi mliokosa viti.

Tuanze na kobe. Mji wa Pingyao, mkoani Shanxi, kaskazini mwa China, wenyeji huuita Mji wa Kobe. Lango la kusini ni kichwa, la kaskazini ni mkia, na malango manne yaliyobaki, mawili mashariki na mawili magharibi, ndiyo miguu. Kobe kwa Wachina ni mnyama wa umri mrefu, kwa hiyo jina lenyewe ni dua. Dua ilijibiwa, ila kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba.

Ukuta huu mnaouona pichani ulijengwa mwaka 1370, mwanzoni mwa enzi ya Ming. Una mzunguko wa kilomita 6 na ushei na kimo cha kama mita 10 hadi 12. Ukiutazama kwa nje utaapa kwamba ni wa matofali. Matofali ni joho tu. Mwili wake ni udongo ulioshindiliwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mgumu. Shikeni hilo la udongo, nitalirudia.

Juu kuna minara ya ulinzi 72, na meno ya ukuta, yale wanayojikingia wapiga mishale, hupewa hesabu ya 3,000. Kwa nini 72 na 3,000? Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, husemwa kuwa alifundisha wanafunzi 3,000, na 72 kati yao ndio waliobobea. Basi askari wa zamu alikesha na darasa zima la mwalimu mkuu! Malangoni wakaongeza ua mwingine uliozungushiwa ukuta. Kwa Kichina ua huo huitwa wengcheng, yaani mji wa mtungi. Adui akivunja lango la kwanza, anajikuta mtunguni: mbele lango jingine limefungwa, nyuma wenzake wanamsukuma, na juu mishale inamngoja.

Watalii wengi huishia hapo ukutani, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nawaombeni mshuke tuingie mitaani, kwani utamu wa Pingyao umo majumbani.

Nyumba ya tajiri wa Pingyao haikuonyeshi kitu ukiwa nje. Ukuta mrefu wa matofali ya kijivu, bila dirisha, na mlango. Ukishapita mlango unakuta ua, ukivuka ua unakuta ua mwingine. Tazameni mapaa ya vyumba vya pembeni: yana mteremko mmoja tu, na mteremko huo unaelekea ndani. Mvua ikinyesha, maji yote yanamwagika uani kwa mwenye nyumba, kwa sababu maji ni mali, na mali haimwagwi kwa jirani. Ubahili umegeuzwa kuwa usanifu. Chumba kikuu mara nyingi hujengwa kwa tao la matofali, kwa kufuata umbo la yale mapango ambayo watu wa Shanxi wamekuwa wakiyachimba milimani na kuyakalia. Kina ubaridi wakati wa joto, na baridi ikija hakiachii joto lake upesi.

Mali hiyo ilitoka wapi? Twendeni Mtaa wa Magharibi. Kulikuwa na wafanyabiashara wa rangi za vitambaa waliokuwa na matawi miji ya mbali. Kusafirisha fedha, na hapa nasema madini yenyewe, kwa njia zenye majambazi, kulihitaji walinzi wenye silaha na roho ngumu. Miaka ya 1820 wakaanzisha Rishengchang, nyumba ya kwanza ya hundi nchini China. Unaweka fedha yako Pingyao, unapewa karatasi, unaichukua fedha yako Beijing. Wenzetu wa pwani wanaoijua hundi na hawala hawatashangaa.

Je, mtu akighushi? Karatasi yao ilikuwa na alama iliyofichwa ndani yake, na tarakimu hazikuandikwa waziwazi. Walitunga sentensi ya herufi 12 za Kichina, ambazo kila moja ni kama neno, na kila herufi ikawa mwezi mmoja. Sentensi yenyewe ilisema, kwa maana yake: jihadhari na hundi bandia, usisahau kutazama mwandiko na muhuri. Onyo lenyewe ndilo lililokuwa kufuli! Kwangu hili linaushinda ukuta wote.

Nyumba za hundi zikafika zaidi ya 20 zenye makao makuu mjini humu. Kisha zikaja benki za kisasa, ufalme ukaanguka baada ya mapinduzi ya 1911, na Rishengchang ikafilisika mwaka 1914. Pingyao ikafukarika. Na fukara habomoi nyumba akajenga ghorofa. Miji mingine ya China iliyopata fedha ilivunja kuta zake ili kupitisha barabara. Pingyao haikuwa na fedha hata ya kuvunjia.

Fedha kidogo ilipopatikana, mwaka 1981, ubomoaji ukaanza. Nyumba kadhaa zilikwisha kuangushwa pale Ruan Yisan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tongji, alipofika na kuwasihi wakubwa wasimame. Yeye na wanafunzi wake wakachora mpango mwingine: mji mpya ujengwe nje ya kuta, wa kale uachwe. Mwaka 1997 UNESCO ikauandika Urithi wa Dunia, pamoja na mahekalu mawili ya jirani: Shuanglin lenye sanamu za udongo zaidi ya 2,000, na Zhenguo, ambalo ukumbi wake wa mbao ni wa mwaka 963. Hayo mahekalu yanataka jioni yake peke yake.

Sasa ule udongo. Oktoba 2021 mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, ukuta ukanywa maji, na kipande cha kama mita 25 cha uso wa nje kikaporomoka. Joho lilipodondoka, kilichobaki wazi kilikuwa udongo ule ule ulioshindiliwa, umelowa.