Fibi wa Kenkrea na meza ya sadaka

Bwana asifiwe, wapendwa. Baba zangu, mama zangu, nanyi vijana mlioketi nyuma, fungueni Warumi 16, mstari wa kwanza. Katika Biblia ya Union, Paulo anamkabidhi Fibi, "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Sasa nendeni Wafilipi 1:1. Hapo kuna "maaskofu na mashemasi". Kwa Kigiriki neno ni lilelile, diakonos. Wafilipi wakapata ushemasi, dada yetu akabaki na uhudumu. Najua kwingine Paulo mwenyewe anaitwa mhudumu, na neno hilo silidharau. Lakini hapa Nairobi ukisema mhudumu, mtu anamwona wa hotelini, mwenye sinia.

Mimi sinia hilo nimelibeba. Kwa miaka sita nilihesabu sadaka katika kanisa moja la jiji hili. Ibada ya pili ikiisha, tunamwaga vikapu mezani. Tunanyoosha noti za hamsini zilizokunjwa zikawa ndogo kama njugu, sarafu tunazipanga kumi kumi. Naandika kitabuni, natia sahihi. Siku kamati ya majengo ilipoketi kuamua fedha zile zijenge nini, nikaitwa nilete kitabu, nimimine chai, kisha nifunge mlango nikitoka. Nilisimama nje na birika mkononi, bado la moto. Hakuna aliyenitukana. Waliona ndivyo mambo yalivyo, na mimi pia niliona hivyo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Wala tusiseme nchi hii haina wanawake wa kuongoza. Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982. Agnes Abuom, Mwanglikana wa hapa kwetu, alichaguliwa mwaka 2013 kuongoza kamati kuu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, dayosisi nzima mikononi mwake.

Kuna ndugu atanisomea 1 Timotheo 2, "simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha". Nalisoma andiko hilo kwa heshima. Naomba tu alisome pamoja na Matendo 18, pale Prisila na mumewe Akila wanapomchukua Apolo, hodari wa Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo alisikiliza, akaendelea na kazi.

Uchaguzi wa kamati zetu ni mwezi ujao. Mama zangu, msiandike majina kwenye kamati ya mapishi peke yake. Kamati ya fedha ina nafasi, ya majengo pia. Na chai ya siku hiyo tuipangie zamu, baba na mama, ili atakayehesabu sadaka abaki ndani mlango ukifungwa.