Kinachotangulia Kusemwa: Mpangilio wa Hoja katika Tafiti za Akina Mama Wafanyakazi

BAHATI: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Bukavu na kwingineko. Leo mimi na Dada Neema tunazungumzia matokeo ya utafiti ambayo, yakipangwa kwa utaratibu tofauti, humfikisha msikilizaji kwenye uamuzi tofauti, hasa pale mada inapokuwa mama anayefanya kazi ya mshahara. Dada, utuanzie wapi?

NEEMA: Asante, Kaka Bahati. Tuanzie Marekani, ambako mwaka 1991 taasisi ya serikali ya afya ya mtoto ilianza kufuatilia watoto 1,364 tangu kuzaliwa, ili kujua wanaathiriwa vipi na malezi ya watu wengine mama anapokuwa kazini. Mwaka 2001, watoto hao walipokuwa wamepimwa wakiwa na miaka minne na nusu, magazeti yalitanguliza jambo moja: kati ya waliolelewa hivyo zaidi ya saa 30 kwa juma, asilimia 17 walionyesha ukali, ilhali kati ya waliolelewa hivyo chini ya saa 10 walikuwa asilimia 6. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba malezi bora yaliambatana na ufasaha mkubwa zaidi wa lugha, na kwamba ukali huo kwa sehemu kubwa haukuvuka kiwango cha kawaida cha umri ule. Hayo yaliwekwa chini ya ukurasa, ambako msomaji mwenye haraka hafiki.

BAHATI: Kwa hiyo hakuna aliyedanganya?

NEEMA: Hakuna. Ila namba ya kwanza ikishakaa kichwani, yote yanayofuata husikika kama utetezi. Ukitanguliza ubora wa malezi, watu watauliza walezi wazuri wapatikane wapi. Ukitanguliza ukali, watauliza kwa nini mama hakubaki nyumbani. Baba, ambaye naye hakuwepo saa zilezile, haulizwi lolote.

BAHATI: Mimi ni baba, kwa hiyo tuendelee mbele haraka.

NEEMA: Haya. Mwaka 2007 mwanasosholojia wa Marekani Shelley Correll na wenzake walichapisha jaribio ambamo waombaji kazi wawili wa kubuni walilingana kwa sifa zote, isipokuwa wasifu wa mmoja ulidokeza kwamba ni mzazi. Mama alipendekezewa mshahara wa kuanzia wenye upungufu wa takribani dola 11,000 kwa mwaka akilinganishwa na mwanamke asiye na mtoto, baba hakupunguziwa. Mimi nisingeanza na dola hizo hata kidogo. Ningeeleza kwanza wasifu zote mbili, mstari kwa mstari, mpaka msikilizaji mwenyewe akiri kwamba zinalingana, kwa sababu akishakiri hivyo hawezi tena kudai kwamba mama alistahili kulipwa kidogo.

BAHATI: Lakini ukiyapeleka hayo sokoni Kadutu, hapa Bukavu, utajibiwa kwamba ni mambo ya Wazungu, hapa mama huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwa na mtoto mgongoni, na hakuna anayeshangaa.

NEEMA: Basi pingamizi hilo nilitaje mimi kabla hawajalitaja wao. Mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake walichunguza askari wa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakaona kwamba hoja inayotaja pia upande wa pili iliwavuta zaidi wale waliokuwa wakipinga tangu mwanzo, na hoja ya upande mmoja iliwafaa waliokwisha kukubali. Kwa hiyo ningesema: ni kweli, mama wa Kadutu hajawahi kuacha kazi, lakini Sheria ya Familia ya mwaka 1987 katika nchi yetu ya Kongo ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa vitendo vya kisheria, mpaka iliporekebishwa mwaka 2016. Hapo yule aliyesema mambo ni ya Wazungu anabaki na swali la kujibu.

BAHATI: Na udhaifu wa utafiti wa Correll wenyewe? Waliosoma wasifu zile walikuwa wanafunzi wa chuo, si waajiri.

NEEMA: Wengi huuficha mwishoni, na hilo ndilo linalowaharibia. Mimi ningeutaja mara tu baada ya zile dola 11,000, kisha palepale niongeze kwamba watafiti haohao walituma maombi ya kazi kwa mamia ya waajiri halisi, na wanawake wasiodokeza kuwa na watoto wakaitwa mara 2.1 zaidi ya akina mama.

BAHATI: Hapo hata mimi sina pa kuingilia.