Mbele ya kuandika "moreover": maneno ya kufunga mafikiri mu dizertasyo ya Kingereza

Bandugu na badada, asante ya kukuja na hii mvua. Nimeona bamoja batoka Kyeshero, bengine Majengo, kartie zetu za Goma, na balimu bamoja banakaa kule nyuma, nabasalimia na heshima, mambo mingi ntasema leo ninyi munayafundishaka kila siku. Baliniomba niongee juu ya maneno ya kuunganisha, juu bamoja kati yenu muko najitayarisha kwa IELTS, ile egzame ya Kingereza, bengine munatafuta unif kule Kampala ao Nairobi, na bengine muko tu bafinaliste benye kupenda Kingereza. Shida ni moja kwetu bote.

Mara ya kwanza nilifanya IELTS nilikuwa na liste ya maneno 40 mu kichwa. Moreover, furthermore, in addition, nevertheless, consequently, nilikuwa nimezikariri sawa sala. Ikakuja sujet ya pili, ile ya maneno 250 mu dakika 40, nikaandika na kila fraze ikaanza na moja ya ile maneno, nikatoka mu sale na roho nyeupe kabisa. Matokeo ikafika: kusoma 7 ku 9, kuandika 5,5. Na habakuambiake sababu, banakupatia tu chifre.

Nikakaa na ile uchungu siku mingi, kiisha nikaenda kusoma kipimo yenye balimu ba kukosoa banafata, haiko siri, iko ku site ya IELTS na kila mutu anaweza kuifungula bule. Kuko vipande ine na kila kimoja kina uzito sawa: umejibu swali ao hapana, mafikiri inafatana na kushikana, utajiri wa maneno yako, na grameri. Kwa kile kipande cha pili, mutu wa nota 5 banasema maneno ya kuunganisha anatia kidogo, ao vibaya, ao anapita kipimo. Kupita kipimo! Mimi nilizania kuzidisha ni kuonyesha akili. Na mutu wa nota 9 banasema anaunganisha kwa namna yenye ni mara chache sana inavuta macho ya musomaji. Ule mustari niliurudilia mara tatu, juu kila kitu nilifanya mu ile egzame ilikuwa ya kuvuta macho.

Sasa musikilize namna sisi wenyewe tunaongeaka. Mama yangu akiadisia volkano Nyiragongo ya 2002, ile tarehe 17 mwezi wa kwanza, anasema hivi: tulisikia batu banalia, tukatoka inje, tukaona moto unashuka, tukabeba batoto, tukashika njia ya Gisenyi. Hakuna "kiisha", hakuna "tena", hakuna "zaidi ya ile", ile -ka- ndogo mu kitendo inafunga yote na mupangilio wa mambo unatosha. Halafu anapumua kidogo, anasema: lakini shangazi yenu alikatala kutoka mu nyumba. Lakini moja tu, pale adisi inageuka, na mu salon bote tunanyamaza. Kama angeitia mu kila fraze, hapana mutu angeisikia.

Ku barabara munaonaka motari akiwasha taa ya kushoto, wewe wa nyuma unajipanga. Akiwasha kushoto na akakata kuume, munagongana. "However" ni ile taa, inaambia musomaji niko nageuza. Juzi nilikosoa kopi ya kijana mumoja mwenye bidii sana, aliandika: "Mobile phones help farmers. However, they can call buyers in town." Simu inasaidia balimaji, hata hivyo banaweza kuita banunuzi ba mu muji. Wapi amegeuza? Anaenda mbele tu, fraze ya pili inaeleza ya kwanza, basi neno yake ni "because", ao hata hapana neno, uache point peke yake. Ule kijana Kingereza anajua. Alitafuta neno mbele ya kujua mafikiri yake mbili ziko na undugu gani.

Njo maana na banafunzi bangu ninafanyaka hivi: uandike paragrafe bila neno ya kuunganisha hata moja. Kiisha urudie juu, na kati ya fraze mbili ujiulize na kinywa chako, mu Kiswahili ya nyumbani, hapa ningesema nini? Njo maana? Lakini? Juu? Sawa vile? Hata kama? Kama kinywa kinajibu, utafute ndugu yake wa Kingereza. Kama kinywa kinanyamaza, usitie kitu. Kiswahili yako haiwezi kukudanganya pale, juu hapana mutu mwenye anasemaka "njo maana" bila kuwa na sababu mbele yake.

Kuko shida ingine ya kwetu, Kingereza yetu inapitaka mu Kifaransa mbele ya kufika ku kartasi. Mutu anafikiri actuellement, mukono unaandika "actually", kumbe "actually" ni kwa kweli, haiko sasa hivi, ukitaka sasa hivi andika "currently" ao "now". Éventuellement inakuwa "eventually", na hii iko hatari juu maana inabadilika kabisa: wewe unataka kusema labda, musomaji anasikia mwishowe. "On the contrary" banaitia pahali pa par contre, na kazi yake ni kukatala kitu chenye kilisemwa, kama uko tu nalinganisha vitu mbili tumia "by contrast" ao "while". Lakini yenye inanihangaisha zaidi ni "at first". Mutu anataka d'abord, sababu ya kwanza, anaandika "At first, school fees are expensive." Muingereza akisoma "at first" anasikia pale mwanzo ilikuwa hivi, halafu ikabadilika, basi anangojea kile kilibadilika mpaka mwisho wa paragrafe na hakionekane. Kwa kuhesabu sababu, "first" inatosha.

"Although" na "despite" ntazipita mbio juu balimu benu balishazisema. "Although" inaomba fraze yenye kitendo: "Although lava covered the centre of Goma in 2002, people rebuilt there." Hata kama moto ulifunika katikati ya muji, batu balijenga palepale. "Despite" inaomba jina tu: "Despite the lava, people rebuilt there." Na hakuna "despite of", ile "of" inatoka mu en dépit de. Tena Kiswahili yetu inakubali "hata kama... lakini" mu fraze moja, Kingereza inakatala, ukitia "although" usitie "but" nyuma yake.

Kitu yenye ilinipandisha mimi nota haiko hata mu ile liste ya 40. Ni neno "this" na jina nyuma yake. Angalia: "The road is bad, so lorries arrive late. This delay makes food expensive." Barabara ni mubaya, kamio zinachelewa, huku kuchelewa kunapandisha bei ya chakula. "This delay" inashika fraze yote ya mbele, inaikunja mu neno moja, na kuibeba mbele. Hakuna moreover, hakuna consequently, na mafikiri imefungana kabisa. Sisi tunaijua hii, kila siku tunasema "ile tabia", "ule mupango", "hayo makelele". Nilifanya egzame tena kiisha kufanya mazoezi ya hii, miezi tatu, kila magaribi paragrafe moja, na kuandika nikatoka na 7.

Dada mumoja ameniuliza pale mwanzo, mu paragrafe kunafaa maneno ngapi ya kuunganisha. Dada, hakuna hesabu. Mimi nikiona fraze tatu za kufatana zinaanza na neno na virgili, neno na virgili, neno na virgili, ninajua mutu ametoka ku liste, naye mwenye kukosoa anajua. Ujaribu kuingiza moja katikati ya fraze, "so", "while", "which", zenyewe hazipige kelele.

Sasa mutoe makaye. Ntaandika ku tabloo fraze tano juu ya kuteka maji mu kartie, bila neno ya kuunganisha hata moja, na kuko pahali pamoja, kati ya fraze mbili, penye hapaombe neno. Mufanye babili babili, dakika kumi, na mukizungumuza mutumie Kiswahili.