Kuitoa sumu ndani ya mafuta ya transfoma

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na wanafunzi, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze jinsi kemia inavyosafisha mafuta ya mitambo yaliyoingiwa na sumu. Nitashika sumu moja tu, PCB, yaani kemikali za viwandani ziitwazo kwa Kiingereza polychlorinated biphenyls, kwa sababu ndiyo inayowahusu ninyi mnaofungua transfoma. Ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani mwaka 1929. Ziko aina 209, zote zina pete mbili za kaboni zilizobeba atomi za klorini, kuanzia moja hadi kumi. Haishiki moto upesi, haipitishi umeme, haiozi. Wahandisi waliipendea hayo, na hayo ndiyo yanayoifanya ikae katika mafuta ya mwili wa binadamu miaka na miaka.

Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, PCB ilivuja kwenye mabomba ya kupashia joto kiwandani ikaingia katika mafuta ya kula ya pumba za mchele. Miezi michache kabla, kuku kwa mamia ya maelfu walikuwa wamekufa kwa chakula chenye zao la kiwanda hicho hicho, na bado mafuta yaliendelea kuuzwa! Watu wakatoka vipele vibaya usoni na mgongoni, macho yakavimba, akina mama wakajifungua watoto ambao ngozi yao imebadilika rangi. Nalisema hili kwa uchungu, maana Kenya imeripotiwa mafuta kuibwa kwenye transfoma na kuuzwa kwa wakaanga chipsi, kwa kuwa hayaishi haraka kwenye karai. Transfoma ya zamani inaweza kuwa na PCB, na mnunuzi wa chipsi hana njia ya kujua.

Sasa, dawa yake. Ubaya wa PCB uko kwenye klorini, na sodiamu huinyang'anya klorini hiyo. Metali hii laini huyeyushwa, inayeyuka kabla maji hayajachemka, kisha hukorogwa kwa nguvu ndani ya mafuta safi hadi iwe chembe ndogo sana. Chembe hizo huingizwa katika mafuta machafu yaliyopashwa moto. Kila klorini inayobanduka hushikwa na sodiamu, na kinachotokea ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi. Pete za kaboni zilizobaki hazina tena klorini. Mafuta huchujwa, hupitishwa kwenye udongo maalumu wa kusafishia, na yakipimwa yakafaa hurudi kwenye transfoma.

Hapa naomba umakini wenu wote. Kabla sodiamu haijaguswa, mafuta lazima yakaushwe kwa joto na pampu ya kunyonya hewa, na chombo kijazwe gesi ya nitrojeni. Sodiamu ikikutana na maji hutoa haidrojeni na joto kwa pamoja, na huo ni mlipuko. Hata unyevunyevu usiolipuka hula sodiamu yako bure, klorini ikabaki pale pale. Kazi hii ni ya mtambo uliofungwa na watu waliofunzwa. Nisisikie mtu kaijaribu gereji.

Njia hii hufaa zaidi mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na mafuta ghafi ya petroli, yenye PCB kidogo. Kimiminika ambacho ni PCB yenyewe, kama kile kilichojazwa kwenye baadhi ya transfoma na kapasita za zamani, kinaweza kuwa na klorini zaidi ya nusu ya uzito wake. Hicho kwa kawaida hupelekwa kwenye tanuri maalumu la joto la zaidi ya nyuzi 1,100. Kukichoma shimoni ni kutengeneza dioksini na furani, sumu kali kuliko ya kwanza.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kuchanganya. Mpaka unaotumika sana wa kuhesabu mafuta kuwa machafu ni miligramu 50 za PCB kwa kilo ya mafuta. Mwenye pipa lenye miligramu 400 hushawishika kuongeza mafuta safi hadi kipimo kishuke. Sumu haijapungua hata chembe. Sasa ana mapipa tisa ya kusafisha badala ya moja. Transfoma nyingi zilizotoka kiwandani safi zilichafuliwa hivyo hivyo, kwa pampu na mpira uliotoka kuhudumia transfoma nyingine. Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu sumu zinazodumu kama hii, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia PCB katika vifaa, na 2028 kwa kushughulikia taka zake. Kila pipa lililochanganywa linarudisha nyuma kazi hiyo.

Kwa hiyo mkirudi kazini: pampu ya mafuta yasiyopimwa iwe na alama yake, isiguse mengine. Sampuli ichukuliwe kabla ya kuongeza mafuta, si baada. Na mkikuta kifaa cha zamani kisicho na kibao cha maelezo yake, kinavuja, na tone lake linazama kwenye maji badala ya kuelea, hayo si mafuta ya madini. Acheni kukifungua, wekeni beseni chini yake, zuieni watu, mwite anayehusika na mazingira.

Karibuni kwa maswali.