Kijana wa Kipaimara Hapotei Siku Moja

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji, wainjilisti, walimu wa kipaimara na wazazi, kipaimara mnakijua: ni yale mafundisho ya Kilutheri ambayo mwisho wake kijana anaikiri mwenyewe imani aliyobatiziwa, akawekewa mikono. Nakwenda moja kwa moja kwenye lile ninalolisema kila ninapopewa nafasi: mtoto tunayemwekea mikono akiwa na miaka 14 hatakuwa yuleyule akifika 21, na sisi hatujajiandaa kumpokea huyo wa pili.

Tazameni tunavyofanya. Miaka miwili ya darasa. Mtoto anakariri Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo na Sakramenti ya Altare, yaani Meza ya Bwana. Anasimama mbele ya usharika, anajibu bila kukwama. Mchana kuna turubai, keki na picha. Baada ya wiki chache haonekani, na kila mmoja anamtupia lawama mwenzake.

Sasa fungueni Katekisimu Ndogo yenyewe, kile kitabu kifupi cha mafundisho wanachokikariri. Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa letu, aliitoa mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saxony, Ujerumani, na kukuta watu wazima wasioijua hata Sala ya Bwana. Soma vichwa vya sehemu zake: vinasema hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, jamani! Ndiyo maana humo mna sala ya kuamka, ya kulala na ya mezani. Sisi tumemwachia mwalimu mmoja watoto hamsini, baba anasubiri mwaliko wa sherehe.

Na kwenye dibaji Luther anawapangia wachungaji hatua tatu. Kwanza, chagua maneno ya aina moja, usiyabadilibadili, mpaka watoto wayashike neno kwa neno. Pili, wakishayashika, waeleze maana, sehemu moja baada ya nyingine, bila haraka. Tatu, chukua Katekisimu Kubwa, kile kitabu chake kirefu zaidi, uwapanulie, ukikazia amri inayowagusa watu wa pale: ile ya kutoiba, kwa mafundi, wafanyabiashara na wakulima. Sisi tunaimaliza ya kwanza, ya pili tunaigusa wiki ya mtihani, ya tatu hatuifikii kabisa.

Najua kuna atakayesema, basi unataka tuache kukariri. Hapana! Mgonjwa aliyezidiwa usiku hawezi kutunga sala, anaishika ile aliyoikariri utotoni. Kosa letu ni kudhani aliyekariri ameshamaliza kuamini.

James Fowler, mwanateolojia Mmarekani, aliandika mwaka 1981 kwamba imani ya mtu hupitia hatua. Kijana huamini pamoja na wenzake: imani ya nyumbani, ya kwaya, ya marafiki. Baadaye, mara nyingi akishatoka kwao, huanza kuipima mwenyewe. Wapo wasomi wanaoupinga mpangilio huo, na umri wa kila mtu ni wake, lakini mlezi yeyote wa wanafunzi ameyaona haya. Binti anafika chuo, analala chumba kimoja na Mwislamu anayeamka alfajiri kuswali bila kusukumwa na mtu, na Mpentekoste anayekesha kila Ijumaa. Anajiuliza: kwa nini baba alikufa na sisi tulikuwa tunaomba? Tena: kwa nini jina la mama lilisomwa kanisani kwa sababu ya ahadi, yaani sadaka aliyoahidi kulitolea kanisa, ambayo hajaimaliza?

Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza linamhusu Mungu. La pili linatuhusu sisi viongozi, na tukilijibu kwa mstari wa Biblia tunamfundisha binti huyo kwamba kanisa halisikii. Wengi tunaosema wamepoteza imani wamechoshwa na usharika tu, na bado wanasali chumbani kwao.

Nini kifanyike? Vipindi vinne vya mwisho vya mwaka wa pili viwe vya maswali. Wekeni sanduku, maswali yaandikwe bila majina. Mwalimu ayasome yote kabla ya darasa na kuyatenga: ya Maandiko, ya maumivu, ya utaratibu wa kanisa. Ya Maandiko ajibu mwenyewe. Ya maumivu asiyajadili mbele ya darasa, awaambie ni nani wa kumwona na saa ngapi. Ya utaratibu aje mzee wa kanisa na taarifa ya mapato na matumizi mkononi. Kinachoharibu ni mwandiko: mwalimu akiutambua, akamwambia mzazi, hakuna mtoto atakayeandika tena. Kwa hiyo mtu asiyewajua watoto anakili maswali yote kwanza.

Muda unakwisha. Kijana akipata chuo, mchungaji apige simu usharika wa huko kabla hajasafiri. Akisubiri Krismasi amechelewa. Na wale wanaorudi na miaka 30, wamebeba mtoto wa kubatizwa, msiwapokee kwa orodha ya madeni ya ahadi. Wapeni kiti kwanza. Walimu wa kipaimara tu, bakini tupange ni nani atanakili hayo maswali.