Rudia Kwanza Kazi ya Mwenzako: Mhadhara kwa Wanaoanza Ekonometriki Tumizi

Habari za asubuhi. Walio nyuma sogeeni mbele, leo ubaoni sitaandika mengi.

Swali lenu nimelisikia tangu mlangoni: "Mwalimu, muhula huu tutasoma mbinu zipi?" Mtazisoma zote zilizomo kwenye muhtasari wa kozi, msiwe na shaka. Ila kuijua kanuni ni jambo moja na kuifanyia kazi ni jingine. Mimi nilipokuwa kwenye viti hivyo niliweza kuthibitisha kwa kalamu kwamba kisio fulani, yaani kanuni ya kukadiria namba kutoka kwenye data, halina upendeleo: kwa wastani hutoa namba ya kweli. Siku nilipokabidhiwa faili la data halisi, lenye mapengo na namba zisizoeleweka, nilikaa siku mbili sijui nianzie wapi.

Kwa hiyo nianze na kisa cha mwanafunzi kama ninyi. Thomas Herndon alikuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Zoezi la kozi yake ya ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, lilikuwa jepesi kulitamka: chagua makala iliyochapishwa, ifanye upya mpaka namba zako zilingane na zao. Akachagua makala ya mwaka 2010 ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Makala hiyo ilionyesha kwamba nchi tajiri zikishakuwa na deni la serikali linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi wake kwa wastani husinyaa kwa asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa walikuwa wakiinukuu walipotetea kubana matumizi.

Namba zikakataa kulingana. Nadhani mnajua mwanafunzi huwaza nini hapo: nimekosea mimi. Akarudia, zikakataa tena. Mwishowe akawaandikia waandishi wenyewe, nao, kwa uungwana, wakampa faili lao la hesabu. Humo akakuta fomula ya wastani imeishia njiani na kuziacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, wakatoa hesabu mpya: ukuaji wa asilimia 2.2.

Magazeti yaliishikilia ile fomula, kwa sababu inachekesha. Lakini fomula ilikuwa sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Kubwa zaidi lilikuwa suala la miaka iliyoachwa nje na la uzito. Uingereza ilikuwa na miaka 19 juu ya mpaka ule wa asilimia 90. New Zealand, katika hesabu yao, ilibaki na mwaka mmoja tu, 1951, ambao uchumi wake ulianguka kwa asilimia 7.6. Kila nchi ikapewa uzito sawa, hivyo mwaka mmoja ukapimana na miaka 19! Waandishi walikiri kosa la fomula, ila uzito wakautetea. Na ni kweli, mtu anaweza kuutetea: miaka ya nchi moja hufuatana na kufanana, haiwezi kuhesabiwa kana kwamba ni mashahidi 19 wasiojuana. Hapo ndipo ninapotaka mfike. Uamuzi wa namna hiyo hauonekani kwenye jedwali la mwisho. Huuoni mpaka uipite njia nzima mwenyewe.

Kurudia pia hukupa nafasi ya kuichokoza kazi. Mwaka 1991 Joshua Angrist na Alan Krueger walitumia robo ya mwaka aliyozaliwa mtu kama ala ya kupimia faida ya elimu katika mshahara (ala ni kitu kinachobadilisha elimu ya mtu bila kugusa mshahara wake kwa njia nyingine), wakiwa na data ya sensa za Marekani, watu laki kadhaa. Mwaka 1995 John Bound, David Jaeger na Regina Baker wakafanya utundu: wakaziondoa robo za kweli, wakawagawia watu robo za kubuni, kwa bahati nasibu. Majibu yakatoka yanayofanana na yale ya kweli! Ala ikiwa dhaifu, yaani ikiigusa elimu kidogo mno, wingi wa watu haukuokoi. Darasa zima la ala dhaifu limo katika utundu huo mmoja, na mimi huona unafundisha kuliko uthibitisho wa kurasa tatu. (Uthibitisho mtaufanya vilevile, msifurahi.)

Sasa kazi yenu. Kila mmoja achague makala moja ambayo data yake iko wazi. Programu ya kompyuta chagueni mnayoipenda, hilo halinisumbui. Kabla ya kuendesha regresheni hata moja, yaani hesabu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyoendana na kingine, niandikieni aya bila alama yoyote ya hisabati, mkijibu hivi: kwa nini baadhi ya watu au nchi katika data walipata kile ambacho athari yake inapimwa, kwa mfano elimu zaidi, na wengine hawakupata? Kama jibu ni "walitaka wenyewe", andikeni hivyohivyo, halafu mje ofisini tuzungumze. Na wekeni daftari la maamuzi: mistari mliyoifuta, miaka mliyoiacha, na sababu yake, kwa tarehe. Namba zikikataa kulingana, msizilazimishe. Nileteeni zilivyo, pamoja na daftari.